Wallace na vielelezo 125,660, kweli alikusanya mwenyewe?

mdau_wa_misitu:
Wakuu salama? Nasoma habari za Alfred Russel Wallace, yule Mwingereza aliyezunguka visiwa ambavyo leo ni Indonesia na Malaysia, 1854 mpaka 1862. Eti alirudi na vielelezo 125,660, yaani viumbe waliokufa waliohifadhiwa kwa ajili ya utafiti, mbawakawa tu 83,200 na ndege 8,050!! Mtu mmoja, homa zinamsumbua kila saa, misitu yenyewe ya wenyewe, anawezaje? Na kwa joto lile hao ndege hawakuwa wanaoza?

kombamwiko77:
Kuoza ndo ilikuwa vita yenyewe mkuu. Ndege anachunwa mapema, nyama inatolewa yote, inabaki ngozi na fuvu na mifupa ya mabawa na miguu, kwa ndani inapakwa sabuni ya arseniki, sumu ya kuzuia wadudu, halafu inajazwa pamba. Sasa kazi ilikuwa kuikausha. Alipokuwa Dorey, New Guinea, 1858, sisimizi weusi walimvamia nyumbani wakawa wanabeba wadudu wake mezani huku yeye amekaa hapohapo anaangalia, mpaka waliogundishwa kwenye karatasi wanang'olewa. Nzi nao wakitua kwenye ngozi iliyoanikwa wanajaza mayai kwenye manyoya, ukichelewa kesho yake ni funza watupu. Kilichosalimika kinapakiwa melini kwenda kwa wakala wake London, Samuel Stevens, ambaye anauza, na hela hiyo ndo inaendesha safari

Bi_Mwanaidi:
Jibu la swali la kwanza ni watu wa kule. Kuna kijana wa Kimalay anaitwa Ali, Wallace alimchukua Sarawak, kisiwa cha Borneo, 1855 awe mtumishi wake, anapika vizuri, muda si mrefu akajua kupiga ndege na kuchuna na kuandaa ngozi kabisa. Oktoba 1858 kisiwa cha Bacan, Ali ndiye aliyerudi kutoka porini na ndege wamening'inia kiunoni, mmoja ana kifua cha kijani kinachong'aa na kila bega limetoa manyoya mawili meupe marefu. Ndege wa peponi ambaye wanasayansi hawakuwa wanamjua! Kapewa jina Semioptera wallacii. Wallace mwenyewe kaandika wazi kwamba Ali ndo kamleta, lakini jina limekwenda kwa tajiri, na hili linaniuma jamani.

Halafu visiwa vya Aru, wenyeji walikuwa wanapanda kwenye mti ambao ndege wa peponi wanachezea, wanajificha kwenye kibanda cha majani na upinde, mshale una kichwa butu cha mbao kinene kama kikombe, ndege anapigwa anaanguka bila damu kuchafua manyoya. Huo ujuzi Wallace aliukuta.

mdau_wa_misitu:
Daah asante dada. Huyo Ali aliishia wapi?

Bi_Mwanaidi:
Waliagana Singapore 1862, akapigwa picha, hiyo picha ipo mpaka leo. Na 1907 Mmarekani mmoja, Thomas Barbour, akiwa kisiwa cha Ternate alifuatwa na mzee akajitambulisha kuwa yeye ndiye Ali Wallace