Naomba ushauri: kompaila ya kulipia au ya chanzo huria?

Ndugu zangu, salamu kutoka Kisumu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza kifaa cha kupima joto la maji na kiwango cha oksijeni katika vizimba vya kufugia ngege ziwani, na programu yake, tuliyoiandika kwa lugha ya C kwa chipu ya Cortex-M0, imekaribia kuijaza kumbukumbu yote ya kilobaiti 32.

Hadi sasa tumetumia GCC, kompaila huria (programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987, ambayo hatuilipii chochote na ambayo leseni yake haitulazimishi kuutoa hadharani msimbo wetu. Mwenzetu mmoja anasisitiza tununue leseni ya IAR, kompaila ya kulipia, kwa kuwa, asemavyo, hutoa msimbo mdogo zaidi na ina toleo lenye cheti cha usalama cha IEC 61508. Cheti hicho mfugaji wa Dunga hatakiulizia kamwe; ukubwa wa msimbo ndio unaoninyima usingizi. Chaguo la GCC la -Os, la kupunguza ukubwa wa msimbo, tumelitumia tangu mwanzo, ila -flto, la kuboresha programu nzima wakati wa kuunganisha mafaili yake, bado hatujaligusa.

Je, aliyezilinganisha kwa mradi wake mwenyewe aliona tofauti inayostahili gharama, au fedha hizo afadhali tununulie chipu yenye kumbukumbu kubwa zaidi? Na tukihama, sehemu zinazotegemea viendelezi vya GCC (nyongeza zake zisizo katika C sanifu) zitatusumbua kiasi gani?