Merigoldi zimejaa majani, na nyanya bado zina vifundo mizizini

Swali
Habari zenu ndugu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na kwa kuwa nilisikia kwamba merigoldi hufukuza minyoo fundo (minyoo midogo sana ya udongoni inayotia vifundo kwenye mizizi), nilipanda miche 20 pembezoni mwa tuta la nyanya, siku ileile nilipopanda nyanya zenyewe. Sasa ni wiki ya kumi: merigoldi zimefika kiunoni lakini maua hayazidi matano, na kila mnyanya ninaong'oa una vifundo. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Pole, dada. Kuhusu maua, je, tuta ulilitia samadi nyingi? Naitrojeni ikizidi, merigoldi hunenepa majani na kusahau kuchanua. Hakikisha pia zinapata jua la saa sita au zaidi, na uondoe kila ua linalonyauka.

Muulizaji
Ni kweli, nilijaza samadi ya kuku.

Jibu la pili
Neno "hufukuza" ndilo linalopotosha wengi. Harufu ya majani haimfikii mnyoo aliye udongoni. Kazi hufanyika ndani ya mizizi, ambayo ina kemikali inayomdhuru mnyoo anapojipenyeza kwenye mzizi ulio hai. Ndiyo maana mstari wa pembeni hauwezi kuulinda mnyanya ulio katikati ya tuta. Merigoldi ipandwe kabla ya nyanya, si pamoja nayo: jaza tuta zima, sentimita 20 hivi kati ya mche na mche, ziache miezi miwili au zaidi, kisha ndipo ulete nyanya. Aina fupi, Tagetes patula, inafaa sana. Katika muda huo usiache mnavu uote humo, hata kama unaupenda kwa mboga, kwa sababu nao huwahifadhi minyoo hao hao. Hata hivyo usitarajie kuwamaliza. Watapungua tu, na baada ya msimu mmoja au miwili utalazimika kurudia.

Jibu la tatu
Naongeza tahadhari moja. Wakati wa kiangazi utitiri mwekundu huzipenda sana merigoldi, na kwangu ulianzia huko ukahamia kwenye nyanya. Kagua upande wa chini wa majani kila wiki. Na anayetaka kutumia mbangimwitu badala yake, kwa kuwa ni jamaa ya merigoldi na hauuzwi, aukate kabla haujatoa mbegu, la sivyo atapalilia miaka mingi.