Ukoo wa Ligula: safari ya Mwana

Mwana: Shikamooni wakubwa. Jumamosi ndiyo siku. Ndege ya hapa Mtwara kwenda Dar saa nne asubuhi, ya Doha usiku, halafu London. Kadi yangu ya benki inaingia launji, kwa hiyo mchana kutwa nitakuwa humo nakula na kulala 😎

Shangazi: Marahaba. Launji ndo nini tena?

Kaka Musa: Ukumbi wa kungojea ndege wa wenye nazo, shangazi. Masofa, chakula, intaneti.

Mjomba wa Ukonga: Mwana, launji ya wapi? Ndege ya Mtwara inashukia Jengo la Pili. Ya Doha inaondokea Jengo la Tatu.

Mwana: Kwani si uwanja mmoja huohuo wa Nyerere?

Mjomba wa Ukonga: Uwanja mmoja, majengo mbalimbali. Hilo la Tatu lilianza kazi 2019 kwa ndege za nje. Ukishuka la Pili unatoka na mabegi yako, unatafuta teksi. Launji ziko ndani baada ya ukaguzi, na mlangoni wanataka pasi ya kupandia ndege inayoruka kutoka jengo hilohilo. Kadi peke yake haifungui mlango.

Mwana: Basi naenda la Tatu moja kwa moja.

Mjomba wa Ukonga: Saa sita mchana? Kaunta za ndege ya usiku zitakuwa bado. Kwa kawaida zinafunguliwa kama saa tatu kabla ya kuruka.

Kaka Musa: Si anacheki-ini kwenye simu tu?

Mjomba wa Ukonga: Pasi atapata. Na lile begi la korosho atamwachia nani? Mpaka alikabidhi ndiyo apite Uhamiaji, na launji anayoitaka iko ng'ambo ya Uhamiaji. Halafu launji nyingi za kadi hazikupokei mapema mno, saa tatu za mwisho ndiyo zako.

Mwana: Kha! 😩

Binamu London: Na huku Heathrow ni yaleyale, ukirudi uangalie tiketi kwanza. Kuna majengo 2, 3, 4 na 5. La 2 na la 3 unatembea kwa miguu, la 4 na la 5 mpaka upande treni. Usione launji nzuri kwenye programu ukadhani ni yako. Doha ndiko utafaidi, jengo ni moja, ukishakaguliwa unachagua.

Mama Mdogo: Mwanangu kwa nini uhangaike? Mjomba wako yuko Ukonga, hapo na uwanja ni pua na mdomo. Ukaoge, ukale, ulale.

Mjomba wa Ukonga: Ndicho ninachosema tangu mwanzo. Saa kumi na moja nakupeleka la Tatu mwenyewe. Njoo na korosho zilizobanguliwa, si zile za maganda.

Mwana: Sawa mjomba, nakuja 🙏🏾

Shangazi: Na hapa Mtwara nani anampeleka uwanjani? Gari la baba yenu betri imekufa tangu juzi.

Kaka Musa: Mimi. Saa mbili kamili niko mlangoni, Mwana usianze kutafuta mtandio saa hiyo.