Kikundi cha Ukoo: Kwaya ya Neema Inaonyeshwa Leo Saa Mbili

Shangazi [18:12]
Kaka, shikamoo. Mama, shikamoo. Nimetoka Kariakoo kununua nguo za watoto, na tangu niliposhuka kwenye daladala mpaka nilipopanda nyingine sikusikia kitu isipokuwa Mary's Boy Child, ule wimbo wa Krismasi wa Boney M. Duka la viatu linaupiga, duka la vyombo linaupiga, na kijana mmoja muuza soksi ameurekodi kwenye kipaza sauti chake pamoja na tangazo la bei, kiasi kwamba Mtoto akishazaliwa tu, soksi jozi tatu zinakuwa elfu mbili.

Baba Mkubwa [18:20]
Marahaba, mdogo wangu. Hapa Moshi walianza Novemba, kabla hata Majilio hayajafika. Sisi tulifundishwa kwamba majuma manne ya Majilio ni ya kungoja, na anayengoja haimbi kwamba mgeni ameshaingia ndani. Lakini unaonichosha kuliko yote ni Jingle Bells, ule wa kengele na farasi. Nimewafundisha watoto wa shule wimbo huo miaka mingi nikiamini ni wa Noeli, kumbe Mmarekani James Pierpont aliyeuchapisha mwaka 1857 hakuitaja Krismasi hata mara moja. Ni wimbo wa vijana wanaotamba na gari lisilo na magurudumu, likikokotwa na farasi juu ya theluji. Theluji tunayoijua sisi iko juu ya Kibo, na sijapata kumwona farasi huko.

Elia [18:31]
Shikamooni nyote. Huku Munich mambo ni yale yale, ila wao wanateswa na Last Christmas, ule wa kundi la Wham! wa mwaka 1984, ambao mwenzangu wa zamu akiusikia huinuka na kuizima redio bila kumuuliza mtu. Halafu nawaombeni radhi kwa niaba ya wenyeji wangu, kwa sababu Boney M. ni kundi lililoundwa hapa hapa Ujerumani, na wimbo huo unaomtesa Shangazi ulitoka mwaka 1978.

Bibi (anaandikiwa na Junior) [18:40]
Boney M. waacheni. Babu yenu alikuwa na santuri yao, na siku ya Krismasi akishaiweka aliniachia mtori jikoni akaenda kucheza na watoto uani.

Shangazi [18:42]
Mama, uzuri wake hatuukatai. Ila hata mtori, ukiupata asubuhi, mchana na jioni kwa miezi miwili, utaomba ugali. Na wewe Kaka, mbona mwimbaji wako Jim Reeves hukumgusa, wakati kila Desemba ndiye anayetuamsha saa kumi na mbili?

Baba Mkubwa [18:44]
Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na marehemu hasemwi.

Neema [19:52]
Shikamooni. Zimebaki dakika nane. Kwaya yetu ni ya pili, na ubeti wa tatu wa Usiku Mtakatifu nimeuimba peke yangu.

Bibi (anaandikiwa na Junior) [19:55]
King'amuzi kimeandika kwamba kifurushi kimekwisha.

Neema [19:58]
Nimelipia, Bibi. Kizime, halafu ukiwashe tena.

Shangazi [20:06]
Hawa wa kwanza wanaimba ufukweni, na yule mpiga gitaa anatingisha kichwa kwa uchungu mkubwa ilhali gitaa lenyewe ni la umeme na halina waya.

Baba Mkubwa [20:09]
Mimi ninasikia sauti ya nne inanguruma vizuri sana, lakini wenye sauti hiyo sijaonyeshwa hata mmoja. Nimeonyeshwa maua mara tano, mawimbi mara tatu na kiatu cha mwalimu wa kwaya. Kabla ya mwaka 1994, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Nyimbo za mkesha tulizisikia redioni, na redio haikuwa na uwezo wa kukuonyesha maua.

Bibi (anaandikiwa na Junior) [20:14]
Namwona Neema! Mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto. Mbona umevalishwa sweta?

Shangazi [20:18]
Ubeti wa pili umekwisha, tulieni sasa.

Shangazi [20:18]
Godoro! Wametuwekea tangazo la godoro!

Baba Mkubwa [20:23]
Wamerudi, na sasa inaimba kwaya nyingine. Ubeti wa tatu umelaliwa na godoro.

Neema [20:27]
Naomba niseme ukweli. Tulirekodi mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, na sweta zile tulipewa ili tufanane na watu wa kwenye baridi. Sauti mlizozisikia zilirekodiwa studio wiki iliyotangulia. Pale bustanini tulikuwa tunachezesha midomo tu, tukarudia mara kumi na moja kwa sababu jasho lilikuwa linaonekana.

Elia [20:33]
Pole, dada. Mwaka jana nilipanda treni nikaenda Oberndorf, karibu na Salzburg, Austria, mahali huo Usiku Mtakatifu ulipoimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818. Kanisa lenyewe lilibomolewa zamani, na mahali pake pamejengwa kikanisa kidogo cha pembe nane. Padre Mohr aliyetunga maneno na mwalimu Gruber aliyetunga sauti waliimba wao wenyewe, kwa gitaa moja, na bila shaka nalo halikuwa na waya.

Baba Mkubwa [20:36]
Lakini lilikuwa linapigwa kweli.

Bibi (anaandikiwa na Junior) [20:38]
Neema, nirekodie huo ubeti hapa hapa kwenye simu. Vua sweta.

Neema [20:51]
🎤 Ujumbe wa sauti (1:14)

Shangazi [20:53]
Jirani yako anaponda kitunguu saumu, lakini nimelia.

Bibi (anaandikiwa na Junior) [20:59]
Nimeusikiliza mara tatu. Mwishoni umeharakisha, na pale juu umevuta pumzi katikati ya neno. Ukifika kesho tutarudia pamoja kabla ya kwenda kanisani. Junior anauliza soksi za elfu mbili ni za saizi gani.