Naombeni ushauri: kazi ya hoteli na hii Opera

Hamjambo wanagrupu, naombeni ushauri. Nimemaliza diploma ya hoteli hapa Nairobi, atachimenti nilifanya jikoni na restoranti, sahani tatu kwa mkono mmoja nabeba bila shida, lakini kila nikipeleka CV Westlands ama Upper Hill naulizwa kama najua Opera, ile sistimu ya kompyuta ya risepsheni, na chuoni tulifundishwa kuandikisha wageni kwa kitabu tu, kitu inaniuma sana. Cheti cha afya cha kushika chakula ninacho. Vibarua vya uweita kwa harusi nafanya, vinalipa nauli na unga basi.

Mlio ndani ya hoteli, nianze na kozi ya Opera ama Kifaransa? Na kibarua anaweza kumwomba meneja ajifunzie risepsheni, anamwingiaje?