Mwenyekiti anataka "ufunguo wa mara moja" kwenye mfumo wa SACCOS, naombeni ushauri

Fundi_Mitambo:
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza mfumo wa SACCOS yenye makao makuu Dodoma na tawi Kondoa. Kila jioni tawi linatuma faili la miamala, kama MB 20. Mwenyekiti kasoma mahali kwamba kuna usimbaji usiovunjika kabisa: ufunguo una urefu sawa na ujumbe, unatumika mara moja, kisha unaharibiwa. Hataki kusikia kingine. Anataka pia makarani waingie kwa namba za mara moja zinazokuja kwa SMS. Nafikiria niiandike mwenyewe hiyo XOR (hesabu ya kulinganisha kila biti ya ujumbe na ya ufunguo), ni mistari michache tu ya kodi. Kuna shida? Naomba kuwasilisha.

mzee_wa_bandari:
XOR haina shida, mkuu. Shida ni usafiri. Faili la MB 20 linakula ufunguo wa MB 20, kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya GB 7 za funguo, na zote zifike Kondoa mkononi mwa mtu unayemwamini. Ukizipitisha kwenye intaneti, usalama wake utakuwa ule wa njia ulizozipitishia, basi bora upitishe faili lenyewe. Laini ya dharura ya Washington na Moscow ilipofunguliwa 1963 ilitumia funguo za namna hii, lakini wale walikuwa na balozi za kupelekeana kanda za funguo. Nyie mna nini?

Kaka_Jembe:
Mna basi la saa kumi na mbili asubuhi 😂

binti_wa_namba:
Tusimcheke mwenyekiti, alichosoma ni kweli. Frank Miller, mwenye benki wa California, aliliandika wazo hili mwaka 1882 kwa ajili ya telegrafu (watu wa fedha walianza zamani). Gilbert Vernam wa kampuni ya simu ya AT&T akabuni mashine yake 1917, Joseph Mauborgne wa jeshi la Marekani akaweka sharti la ufunguo wa nasibu usiojirudia, na kwenye makala ya 1949 Claude Shannon akathibitisha kihesabu kwamba anayenasa ujumbe huo hapati chochote zaidi ya urefu wake.

Ila uthibitisho huo unadai ufunguo uwe wa nasibu kweli na usirudiwe hata mara moja. Mwanzoni mwa 1942, vita ikiwa imepamba moto, waliokuwa wakichapa vitabu vya funguo vya Kisovieti walirudufu maelfu ya kurasa. Wachambuzi wa Marekani pale Arlington Hall, Virginia, walianza kuzichimba jumbe za Kisovieti 1943. Nyingi hazikufunguka mpaka leo, lakini zilizosimbwa kwa kurasa zilizorudiwa ziliwafikisha hadi kwa Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyekuwa akitoa siri za bomu la atomiki.

Sababu ni hii: ukisimba jumbe mbili kwa ufunguo uleule, mtu akizi-XOR zenyewe kwa zenyewe, ufunguo unajifuta na zinabaki jumbe mbili zilizopandana. Faili zako zinaanza na vichwa vilevile vya safu kila siku, kwa hiyo umeshamrahisishia kazi. Karani akichomeka flashi ya jana kwa bahati mbaya, imekwisha.

Na hata kila kitu kikienda sawa, njia hii inaficha tu, hailindi kilichoandikwa kisibadilishwe. Kwenye ASCII (namna kompyuta inavyoandika herufi na tarakimu kwa biti), tarakimu 1 na 9 zinatofautiana biti moja. Anayejua kiasi kinakaa wapi kwenye faili anaigeuza 100,000 kuwa 900,000 bila kuujua ufunguo, na makao makuu watalifungua vizuri tu bila kushtuka. Kwa SACCOS hilo ni baya kuliko kusomwa.

Tumia TLS 1.3 (itifaki inayolinda data njiani isisomwe wala kubadilishwa), kila upande uwe na cheti chake cha kidijitali. Kila muunganisho wa kawaida unapatana ufunguo mpya, ukiisha unatupwa, hivyo mwizi wa seva kesho hafungui ya jana. Mwambie mwenyekiti funguo za mara moja zipo, ila zinatengenezwa na mashine na hazipandi basi.

dada_seva:
Upande wa SMS: wezi wanakwenda kuswapu laini ya karani, namba zinaingia kwao. Ujerumani mwaka 2017 hawakuhitaji hata laini, walielekeza SMS za benki kwao kupitia udhaifu wa SS7, itifaki inayounganisha mitandao ya simu. Weka TOTP. Apu ya simu inachanganya siri iliyohifadhiwa na saa, inatoa tarakimu 6 kila sekunde 30, wala haihitaji mtandao.

Fundi_Mitambo:
Asanteni sana, hoja ya kubadilisha kiasi itamtosha. Lakini makarani wawili wana viswaswadu (simu za batani zisizo na apu). Hao vipi?

mzee_wa_bandari:
Wanunulie tokeni ndogo za kuning'iniza kwenye funguo, zinafanya TOTP ileile. Bajeti ikigoma, wachapishie karatasi ya namba za nasibu, kila moja inakatwa ikishatumika. Kwenye seva hifadhi heshi zake (alama zinazokokotolewa kutoka kwenye namba), si namba zenyewe.

dada_seva:
Naongezea, maana hapa wengi wanalipua kazi. Tarakimu 6 ni namba milioni moja tu, kwa hiyo usipoweka kikomo cha kujaribu, programu itazimaliza zote. Saa za simu hupishana, ruhusu hatua moja ya nyuma (namba ya sekunde 30 zilizopita). Na namba ikishakubaliwa, iandike kwamba imetumika. Kuna mifumo inaikubali tena ndani ya dirisha lilelile, ina maana aliyechungulia begani anaingia nyuma ya karani. Tovuti bandia inayomchota karani namba papo hapo TOTP haiizuii. Kwa hilo mhasibu na wewe msimamizi mtumie funguo za FIDO2 (vifaa vidogo vya kuthibitisha anayeingia), maana zinafungamana na anwani halisi ya mfumo.

Kaka_Jembe:
Na msimbo wa nasibu usiutoe kwenye Math.random ya JavaScript, namba zake zinaweza kutabirika, chonde.

Fundi_Mitambo:
😅 Nimeiona mkuu, naiondoa sasa hivi.