Chemba ya ukungu: naweza pima nishati ya miale ya kosmiki nayo?

mtaa_wa_umoja
Wasee habari zenu. Jumamosi nimetengeneza chemba ya ukungu hapa Umoja, beseni la plastiki, kitambaa nimelowesha alkoholi ya isopropili nikabandika juu, chini sufuria nyeusi imekalia barafu kavu niliyopata kwa wasafirishaji samaki. Nikazima taa nikamulika na tochi ya simu kutoka kando, dakika kumi hakuna kitu ni mvua ndogo ya ukungu tu, halafu ghafla kauzi keupe kakapita kamenyooka kabisa kakapotea, nilipiga nduru hadi jirani akabisha! Sasa nataka nijue nishati yake, nichore spektramu, yaani mchoro wa chembe ngapi zinakuja kwa kila kiwango cha nishati. Inawezekana?

mama_fizikia
Hongera sana! Huo uzi mrefu yaelekea ni muoni, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi. Miale ya kosmiki ni chembe za kutoka angani, nyingi ni protoni. Protoni inagonga hewa huko juu kama kilomita 15, zinazaliwa chembe za muda mfupi ziitwazo pioni, hizo zikivunjika ndio muoni. Ukiona kafupi kanene hiyo ni chembe ya alfa kutoka radoni, gesi yenye mionzi iliyo hewani, usihesabu. Lakini nishati hapana, unahitaji sumaku kali ipinde njia, ndio Carl Anderson alivyofanya 1932 akaipata pozitroni, elektroni yenye chaji chanya. Na hata ukiipima hiyo ni ya mjukuu, yaani muoni, si ya babu, ile protoni iliyotoka angani.

kijana_wa_rongai
Na hapo kwa babu ndio utamu. Nishati ikipanda mara 10, chembe zinazozidi kiwango hicho zinapungua karibu mara 50. Ukifika elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni bilioni 3, wanapaita goti kwa sababu mchoro unapinda hapo, unapata moja tu kwa mita mraba kwa mwaka. Kwa hivyo AMS-02, kile kifaa cha kunasa chembe kilicho kituo cha anga tangu 2011, inapima za chini kwa sumaku, za juu kabisa lazima utandaze vifaa ardhini unase manyunyu yote, yaani chembe nyingi zinazozaliwa na babu mmoja. Auger, kituo cha kupima miale ya kosmiki kule Argentina, wana matangi ya maji zaidi ya 1,600, umbali wa kilomita 1.5 kati yao, jumla kilomita mraba 3,000. Kaunti yetu nzima ya Nairobi ni 696!

mtaa_wa_umoja
Aisee. Sasa mimi nifanye nini na beseni?

mama_fizikia
Pima pembe. Weka mirija miwili ya Geiger, ile hulia chembe ikipita, mmoja juu ya mwingine, hesabu tu zikilia pamoja, halafu inamisha. Ukifika digrii 60 hesabu inafaa ishuke hadi robo hivi. Hiyo ni fizikia halisi, umeipima mwenyewe.

mtaa_wa_umoja
Niko na mrija mmoja. Nani Eastlands anaweza niazima wa pili wiki mbili tu?